Picha Zinazotikisika

Mimi ni fundi cherehani hapa Newala mjini, na kitu cha kwanza nilichokichukia katika mambo ya video ni nembo. Programu ya bure niliyoanza nayo kwenye simu ilibandika jina lake juu ya kila video niliyotengeneza, kwa herufi nene, palepale anapochezea mtu wangu. Nimekimbia juani, nimetumia bando langu, halafu mtu asiyejua hata kijiji chetu cha Mnyambe kiko upande gani anakuja kugonga mhuri wake! Kuiondoa kulihitaji kadi ya benki na malipo ya kila mwezi. Sasa mimi nilipie kila mwezi kitu ninachokitumia watoto wanapotolewa jandoni tu?

Huyo mtu wangu ni mchezaji wa midimu, ngoma yetu ya vinyago, wa kikundi cha kijijini kwetu Mnyambe. Mwili wake wote hufunikwa: kinyago kichwani, nguo mpaka kwenye vidole, soksi ndefu, njuga kiunoni. Aliyemo ndani mwanamke hapaswi kumjua. Tunaambiwa ni kitu kimetoka porini, nasi tunaitikia na kupiga vigelegele. Nilimpenda tangu siku ya kwanza nilipomwona anatetemesha mabega huku miguu imetulia kabisa, kisha anaruka ghafla mpaka vumbi linamfunika. Nikaanza kukatakata vipande vyake, nikavipanga kufuata mlio wa ngoma na kuvirusha mtandaoni. Sikupata faida yoyote. Nilimshabikia tu, kama wengine wanavyowashabikia wacheza mpira.

Taabu ilikuwa kwamba kinyago kikiwajia wanawake, lazima wakimbie. Ndiyo desturi. Huwezi kusimama na simu yako ukasema ngoja kwanza, nipo kazini. Kwa hiyo video zangu zote zilikuwa hivyohivyo: sekunde chache za mchezaji, kisha ardhi, pindo la kanga ya mtu, na mawingu. Nilihitaji programu ya kutuliza picha inayotikisika, na iwe ya bei ninayoiweza.

Fundi mmoja wa Masasi alinipa kwenye flashi programu kubwa ya wizi, akaapa kwamba ni salama. Kompyuta yangu ya mtumba iliugua wiki nzima. Baadaye nikapata nyingine, ya bure kihalali, isiyo na nembo wala masharti, ila nzito kupita kiasi. Nikiifungua, kompyuta inanguruma kama mashine ya kusaga, na ukipunguza mwendo picha inakwamakwama. Ndipo nikaipata ya tatu. Hiyo unalipa mara moja tu, tena kwa simu, na unaruhusiwa kuijaribu kabla ya kununua. Nilifurahi kama mtoto wa Idi.

Niliijaribu mchana mmoja tukisubiri maji ya bomba yatoke, ndoo zimepangwa mlangoni. Mama yangu alikuwa amekuja kwangu kutoka Mnyambe, na alikuwa amekaa karibu yangu akichambua choroko. Programu ile ilituliza picha mpaka nikacheka peke yangu. Nikachagua ule mruko wa vumbi, nikaupunguza mwendo. Mchezaji akapaa polepole, unaona hata chembe za mchanga. Alipotua, soksi ya kushoto ikashuka, na juu ya kifundo cha mguu nikaona kovu jeusi, pana, lililokunjamana.

Kovu lile nalijua. Tulikuwa watoto, tunachoma korosho kwenye bati, na mafuta ya maganda yakaruka. Kaka yangu aliingia kati yangu na moto. Mimi sikupata hata alama.

Kaka huyo alifiwa na mkewe, na tangu hapo maneno yakamwisha. Ukienda kwake anakuitikia salamu, anakupa kiti, basi. Nilikwisha kuamini kwamba furaha imemtoka moja kwa moja. Kumbe miaka yote hiyo niliyomshangilia yule mchezaji, nilikuwa nikimshangilia yeye. Nililia pale pale, sioni haya kusema. Kisha nikaogopa. Kipande kile kingetoka nje, wanawake wa kijiji kizima wangemtambua, wanaume wenzake wangemvua kinyago, naye angebaki na mikorosho yake na ukimya wake.

Mama alikuwa ameacha kuchambua. Alikuwa akiitazama skrini.

"Mwanangu," akasema, "hicho kitu hakiwezi kwenda haraka?"

"Kinaweza, mama."

"Basi kirudishe kwenye haraka yake."

Akainamia choroko zake. Nilielewa tu kwamba yeye alijua kabla yangu, labda zamani sana, na kwamba vigelegele vyake uwanjani vilikuwa na mtu wake.

Ningeweza kukifuta kipande kile na kuinunua programu. Nililiwaza hilo kwa siku kadhaa. Lakini najijua. Ningejifungia ndani na kumpunguza mwendo tena na tena, na siku moja uso wangu ungesema mbele za watu. Nikaiacha. Nimebaki na ile ya bure inayonguruma, na picha zangu nimeziacha zitikisike. Washabiki wenzangu wakiniuliza wachukue programu ipi, nawaambia waijaribu kwanza kwa picha zao wenyewe, wasidanganywe na za matangazo. Sababu yangu siwaambii.

Msimu uliopita kaka alikuja mjini kutafuta salfa ya kupulizia mikorosho, akapita kwangu.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba." Akakaa, akanywa chai. Kisha akasema, huku akiangalia kikombe, "Nasikia una video za yule wa kwetu."

Nikampa simu. Akaitazama, uso hausemi kitu, mpaka pale kinyago kinapogeuka kunijia na picha yote inakuwa miguu, kanga na mawingu. Hapo akacheka. Kicheko cha sauti, kile cha zamani, mpaka chai ikamwagika.

"Mdogo wangu, hapa ulikimbia!"

"Nilikimbia, kaka."

"Ulimwogopa?"

"Nilimwogopa sana," nikasema. "Yule si mtu."

Akaitikia kwa kichwa, ameridhika, akairudisha video mwanzo.