Siku ya Kufuta

Dada yangu hajui kupumzika. Namwambia kila siku, naye kila siku ananijibu kwamba amenisikia, kisha anabeba begi lake la nyaya na kompyuta anaondoka. Mimi ni msusi, kazi yangu iko hapo hapo barazani. Mteja anakaa, nakamata kichwa chake, nikimaliza anajitazama kwenye kioo na tunajua kama nimeharibu au la. Kazi ya dada haina kioo. Anazunguka shule kwa shule kuwasaidia walimu wa lugha kuanzisha blogu na madarasa yao. Blogu ni ukurasa wa darasa kwenye mtandao, wanafunzi wanaandika humo, wanajirekodi wakisoma walichoandika, na chini yake wenzao na mwalimu wanaweka maoni. Alifundisha lugha mwenyewe miaka mingi, mpaka akachoka kuona insha nzuri inasomwa na mtu mmoja tu halafu inaishia kuwashia jiko.

Usidhani ni kazi ya mchezo. Walimu ni watu wagumu kufundishika, na hawa wa lugha ndio wamezidi. Mmoja atasema macho yake hayaoni. Mwingine atataka mtoto aandike kwanza kwenye karatasi, asahihishe, mtoto anakili upya, asahihishe tena, ndipo iende kwenye blogu, na ikifika huko darasa zima linaongea kwa sauti ya mwalimu. Wapo walioweka neno la siri wakalisahau kabla hawajainua kidole. Dada hakasiriki. Anavuta kiti, anakaa ubavuni, mikono ameikunja kifuani. "Bonyeza wewe," anawaambia. "Kikiharibika tutalia wote." Mimi ningeshamzaba mtu.

Alikuwa na kanuni moja ambayo hakutaka mjadala juu yake: mwaka ukiisha, blogu inafutwa. Sababu alikuwa nayo. Shule moja aliyoisaidia zamani iliacha blogu yake wazi, ikakosa mtu wa kuiangalia, wakaingia watu wasiojulikana wakachukua sauti za watoto na kuzifanyia dhihaka. Dada aliugua moyo kwa jambo lile. Tangu hapo kila mwalimu aliyepita mikononi mwake alifundishwa kwamba siku ya mwisho darasa zima likae, lichague mwanafunzi mmoja, huyo abonyeze kitufe cha kufuta, kisha asafishe na pipa la mtandao, pale vinapokaa vilivyofutwa, kusibaki hata alama. Watoto wanapiga makofi. Wakaiita Siku ya Kufuta. Nilimwambia, "Dada, hii ni sawa na kumnyoa mtu kipara eti nywele zisije zikachafuka." Akacheka, akaniambia nisuke vichwa vya watu nimwachie shule zake.

Sasa kulikuwa na mwalimu mmoja mzee, amebakiza kidogo astaafu, watoto walimwita Mwalimu Nukta kwa sababu ukisahau nukta mwisho wa sentensi alikukata alama bila huruma. Dada alimwendea mara nyingi akarudi mikono mitupu. Mzee alimwambia kwamba yeye anasahihisha kwa kalamu tangu dada hajazaliwa, na kalamu haihitaji umeme. Aliyemlainisha ni mjukuu wake. Yule mtoto alikuwa hana mtu mwingine duniani, baba na mama walishatangulia, na mzee naye hakuwa na mwingine ila yeye. Akamlea, na mwaka ule akamfundisha darasani kwake. Mtoto huyo aliongea kutoka asubuhi mpaka usingizi umchukue, ndiyo maana wakamwita Chiriku. Kila jioni akamng'ang'ania babu yake kwamba wenzao wana blogu na wao wana vumbi la chaki, mpaka mzee akasalimu amri.

Ee bwana, hapo Chiriku akapata uwanja. Karibu kila siku alijirekodi. Alieleza habari za kuku wa jirani aliyekuwa akiingia kwao bila hodi na kulala juu ya kabati kama mpangaji. Alieleza jinsi babu anavyokoroma na kisha kubisha kwamba alikuwa macho. Dada alikuwa akizifungulia pale barazani kwangu, wateja wakicheka mpaka namwambia mtu atulie kichwa nisije nikamvuta. Sauti yenyewe ilikuwa na mkwaruzo kidogo, na kabla ya kuchekesha alikuwa anameza mate, ukasikia kabisa.

Mwalimu Nukta alitoa maoni kwa kila mtoto. Kwa wengine aliandika vizuri sana, endelea hivyo, umenifurahisha. Kwa mjukuu wake alikuwa mkali kuliko pilipili. Dada alimfundisha, kama anavyowafundisha wote, kwamba amjibu kwanza mtoto alichosema, makosa yafuate. Akamwambia, "Mzee wangu, hata kwa huyu wako." Mzee akatikisa kichwa. "Nikimsifu, watasema mjukuu wa mwalimu anapendelewa. Nyumbani mimi ni babu. Pale ni mwalimu." Dada hakumsukuma. Nadhani alimheshimu kwa hilo, na hata mimi nilimheshimu.

Siku ya Kufuta ikafika, dada akaenda kushuhudia. Darasa likamchagua Chiriku abonyeze, maana ndiye aliyekuwa ameweka mengi kuliko wote. Akakaa mbele ya kompyuta, akashika kitufe, akageuka. "Babu. Samahani, Mwalimu. Tusiziache zile za sauti tu?" Mzee akamtazama dada. Dada akasema kwa upole kwamba kanuni ni ya wote, na mwaka ujao atarekodi nyingine nyingi. Chiriku akabonyeza, akasafisha na pipa kama alivyoelekezwa, wenzake wakapiga makofi.

Likizo ilikuwa haijaisha, matokeo ya mtihani hayajatoka. Chiriku alianza na homa, watu wakasema ni homa tu, ikapanda, wakakimbilia hospitali, na asubuhi moja mzee akatoka pale akiwa ameshika viatu vya mtoto mkononi. Tulikwenda kumzika. Sitaki kueleza zaidi ya hapo.

Muda ukapita, mzee akaja kwetu. Ilikuwa mchana, nina mteja nimemsuka nusu kichwa. Dada akamkaribisha kiti, akamletea maji, hakuyanywa. Akasema, "Mwanangu, wewe ndiye fundi wa mambo haya. Nataka kumsikia." Simu yake ni ya vitufe, haijui kurekodi, na hata ingejua, nani anamrekodi mtoto anayeongea naye kutwa? "Sura yake ninayo," akasema. "Picha zipo. Ila sauti imeanza kunitoka. Jana nimeitafuta kichwani nikasikia ya mtoto mwingine." Dada angeweza kumwambia pale pale kwamba haiwezekani. Hakuthubutu. Akasema atajaribu, na mzee akashika mkono wake kwa mikono yake yote miwili.

Basi alijaribu. Aliwaandikia wenye huo mtandao wa blogu, wakamjibu kwamba kilichosafishwa mpaka kwenye pipa hakirudi. Alipeleka kompyuta ya shule kwa mafundi, mmoja baada ya mwingine. Akawafuata wanafunzi nyumbani kwao, akawauliza kama kuna aliyehifadhi chochote kwenye simu ya mzazi. Na hapo ndipo walipomchoma, bila kujua. Kila mtoto alimjibu kwa fahari, "Hapana, Madam, tulifuta vyote kama ulivyotufundisha." Alirudi nyumbani akakaa kitandani na begi lake mapajani, hata viatu vyake hakuvivua. "Kanuni ni yangu," akaniambia. "Yule mtoto aliniuliza, na nikamkatalia." Nilikuwa na hasira, si na dada, wala si na mzee, nilikuwa nayo tu. Nikamvua viatu.

Kisha asubuhi moja akaruka kutoka mezani. Alikuwa amekumbuka kwamba darasa lilipofungua blogu lilifungua na anwani ya barua pepe, na kila jambo jipya likitokea kwenye blogu, taarifa ilikuwa ikitumwa huko. Hakuna aliyekumbuka kusafisha huko, hata yeye kanuni yake haikufika huko. Akampigia mzee kabla hajahakikisha. Nilimwambia, dada, fungua kwanza uone. Hakunisikia. Ilikuwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu kumwona anacheka, ningemzuiaje?

Mzee akaja na koti lake la siku za mtihani. Akakaa ubavuni kwa dada, kompyuta mbele yao, nami nimesimama nyuma na kitana mkononi. Dada akafungua. Taarifa zilikuwepo, tele, jina la Chiriku limejaa ukurasa mzima. Akabonyeza ya kwanza. Kulikuwa na kiungo cha kukupeleka kwenye sauti, akakibonyeza, kikaleta ukurasa mweupe. Akabonyeza ya pili, ya tatu, mweupe. Blogu ilikuwa haitumi alichosema mtoto. Ilikuwa inatuma maoni aliyowekewa.

Mzee akavaa miwani. Akaanza kusoma kwa sauti, moja moja, sauti ile ile ya darasani. "Nukta iko wapi? Unasoma mbio, nani anakukimbiza? Rekodi upya. Habari ya kuku imekuwa ndefu, fupisha. Hii si insha, haya ni mazungumzo. Rudia. Rudia." Dada akataka kufunga, mzee akamshika mkono. Akaendelea mpaka koo likamkauka.

Kisha akauliza, "Hakuna mahali nilipomwambia vizuri?"

Dada akaandika neno hilo, vizuri, kwenye kisanduku cha kutafutia. Yakaja mengi. Mzee akasogeza uso, akayapitia, yote yalikuwa ya watoto wengine. Dada akaongeza jina la Chiriku, ukurasa ukabaki mtupu.

"Labda niliandika safi," mzee akasema.

Dada akaandika safi. Hakuna.

"Hongera."

Hakuna.

"Tujaribu umejitahidi," dada mwenyewe akasema. Akajaribu inapendeza. Mzee akataja nimefurahi, kisha barabara, kisha umeniweza. Walimu wawili wa lugha, watu wenye maneno kuliko sisi sote mtaani, wanapokezana maneno ya sifa wanayoyajua, na kila moja mashine inalirudisha. Nilikuwa nalia wazi wazi. Nilimwomba Mungu lipatikane moja tu, hata kama aliliandika kwa bahati mbaya.

"Jaribu mjukuu wangu," mzee akasema.

Dada akaandika. Akasubiri. Akaandika tena, polepole, herufi baada ya herufi, kisha akaondoa mikono kwenye vitufe akaiweka mapajani.

"Basi, mwanangu," mzee akasema. Akavua miwani, akaishika tu. "Nilikuwa namwekea hizo sifa. Nilipanga nimwambie siku ya matokeo."