Kipara cha Shemeji

Mume wangu ni kinyozi, na kwa miaka ishirini na miwili sikuwahi kumsikia akilalamika, mpaka siku moja akifagia nywele dukani akasimama ghafla na fagio mkononi. "Mke wangu," akasema, "kazi yangu yote imeota tena." Wiki iliyofuata akajiandikisha darasa la kupiga picha za sura. Alitaka, kabla hajazeeka, aache kitu kimoja kisichoota.

Nilimuunga mkono, masikini mimi. Mwalimu alimfundisha kuweka taa ubavuni, juu kidogo ya macho, mbele yake kitambaa cheupe cha kulainisha mwanga, na upande wa pili kitu kinachong'aa ili kivuli kisimeze shavu. Kitambaa kikawa shuka langu jipya. Cha kung'aa kikawa sinia langu, na wageni wakaletewa chai juu ya ubao wa kukatia vitunguu.

Tatizo likawa macho. Mwalimu alitaka kila jicho liwe na nukta ya mwanga. Bila hiyo, alisema, sura imekufa. Mume wangu akawapiga picha wateja wake kumi na saba, na wote kumi na saba wakatoka wamefumba macho. Yeye hawezi kukiacha kichwa kikae kilivyokaa. Lazima ainue kidevu kwa vidole viwili, na mtu wa mtaa wetu akiguswa na vidole vile hufumba macho papo hapo, anangoja mashine. Wawili walikoroma.

"Si uwaambie tu kwa mdomo?"

"Kichwa hakisikii maneno," akanijibu, kama vile nimemtukana.

Nikakaa mimi, ingawa hata mimi ananinyoa yeye. Nilijikaza nisifumbe, nikakodoa macho, nikatoka kama mtu aliyeona nyoka jikoni. Akajaribu kujipiga picha mwenyewe, lakini kinyozi hajinyoi: alipata sikio. Mwalimu akachoka. Jumamosi alete sura moja yenye macho hai, ama asirudi tena darasani. Mume wangu akaanza kuacha chakula sahanini. Nilimwonea huruma, ingawa sinia langu lilikuwa bado kwake.

Ndipo nikamkumbusha kichwa kimoja ambacho hajawahi kukigusa, cha kaka yangu. Kaka alipata upara kabla hajaoa. Kila jioni huja dukani kupiga soga, hukaa benchi la wanaosubiri, na mume wangu humwita "mteja hewa". Watu hucheka, naye hucheka.

"Nikamwombe yule?"

"Mpanda ngazi hushuka," nikamwambia. "Nenda."

Ijumaa kaka akaketi kwenye kiti cha kunyolea. Taa ilipowashwa, kipara kikaurudisha mwanga wote, tukaziba macho sisi tuliokuwa nyuma ya kamera. Mume wangu akamfunga kitambaa shingoni, akachukua poda na burashi, akampaka taratibu kutoka kwenye paji mpaka kisogoni, bila haraka, kama anavyowafanyia wenye nywele. Kaka alikuwa anajitazama kwenye kioo.

"Shemeji," akasema, "unajua miaka yote hii hujawahi kunikalisha hapa?"

Mume wangu akaweka burashi chini, akarudi nyuma ya kamera, na mimi nikaona aibu kwa niaba yake. Kaka akageuka kwenye taa, machozi yakimlengalenga, na katika kila jicho nukta ikawaka. Kamera ikalia.

Mwalimu alipoiona akauliza ametumia taa gani ya pili. "Poda," akajibu mume wangu, akaruhusiwa kubaki darasani. Picha iko juu ya kioo cha dukani. Sinia limerudi, lina nywele.

Siku hizi kaka huja kila Ijumaa "kunyolewa". Hasogei hata karibu na benchi. Hufungwa kitambaa, hupakwa poda, na akiulizwa anyolewe vipi, husema apunguzwe kidogo pembeni. Juzi mume wangu alitaka kumpiga picha nyingine. Akamwinua kidevu kwa vidole viwili, na kaka akafumba macho.