Dawa ya Mgongoni Ndani ya Eda

Pumu ya ngozi ninayo tangu utotoni. Shingo na viwiko najipaka dawa mwenyewe; mgongo alikuwa akinipaka mume wangu. Alipofariki nikakaa eda nyumbani kwetu Bongwe, bila manukato, wanja wala hina. Tyubu yangu ya krimu ya steroidi niliendelea kuitumia pale mkono unapofika.

Wifi yangu, dada wa marehemu, alikuja kunipikia akaiona dirishani.

"Wifi, hii si ndiyo wanayojichubulia wale wa Ukunda? Uko edani, unamng'aria nani?"

"Ni dawa, wifi."

"Dawa! Hata mkorogo wanauita dawa."

Alikuwa akinitania, lakini maneno yaliniingia. Mjane hajipambi, nami niliogopa kusemwa. Sikuuliza mtu. Nikaiacha kabisa, nikidhani namheshimu marehemu.

Haukupita muda ngozi ikawaka. Nikawa sikai. Nikiketi mkekani nainuka, nikiinuka najisugua kwenye mwimo wa mlango mpaka nguo inashika majimaji. Watu walikuja kuniombea dua, nikaitikia amina bila kujua wamesema nini. Mtu wangu amekufa, nami sipati nafasi ya kumlilia. Nawashwa tu.

Siku moja kanga iliniteleza, wifi akauona mgongo. Akaisogeza kando atazame vizuri. Kisha akasema, "Vaa buibui, twende Msambweni. Kwa ugonjwa mwenye eda hutoka."

Hospitalini daktari aliuliza, "Uliiacha ghafla?"

Nikasema ndiyo. Akaeleza kwamba dawa kali kama ile, ukishaitumia muda mrefu, hupunguzwa polepole, la sivyo ngozi huripuka.

Wifi akadakia, "Kwani haichubui?"

"Ikipakwa ovyo huchubua, na ngozi huwa nyembamba. Yeye apake kidogo, penye ugonjwa tu."

Wifi akanirudisha nyumbani. Tulipofika akaniketisha, akafunua mgongo wangu, akakamua dawa tele.

"Kidogo, wifi. Hupaki mkate siagi."

Akacheka, akaipunguza. Mkono wake ni mzito, wa kukuna nazi.

"Kaka alikuwa akikupaka vipi?"

"Taratibu. Akimaliza alikuwa akipuliza, ikauke."

Hakupuliza. Nami sikumwomba. Niliinama, nimeushika mkeka kwa mikono miwili nisijikune, nikingoja mwasho utulie nipate kumlilia mume wangu.