Kila Ukurasa Ulipokwisha

Mpiga chapa alikuwa na kanuni moja: kila ukurasa ukiisha, lazima amwite mama yake. Tangu bati lilipoadimika na paa la ofisi ya Raskazone kuanza kuvuja, alichapa barua zote nyumbani kwake Mabawa, na chini ya mashine alitandika kanga iliyokunjwa, kelele zisimsumbue mama, mgonjwa wa kitandani. Akichomoa karatasi huita, "Mama!" Kutoka kitandani, kushoto kwake, hujibiwa, "Nipo, mwanangu." Ndipo vidole hurudi kazini. Kisha serikali ikaruhusu biashara huria, bati likajaa madukani, paa likaezekwa, na meneja akawaita wote warudi.

"Bwana, mama hawezi hata kujigeuza."

"Nisiyemwona kitini, bibi, hayupo kazini."

Akarudi. Barua zilikuwa mbili au tatu kwa siku. Saa zilizobaki alikaa tu, viganja juu ya mashine iliyofunikwa. Ukurasa ulipokwisha, shingo iligeuka kushoto na midomo ikafunguka.

"Unamwita nani, shoga?" Tuhfa wa masjala alimtania. "Huku hakuna wa kukuitikia!"

Siku ya tisa mama alikufa mchana, peke yake. Siku hiyo ofisini hapakuwa na hata barua moja ya kuchapa.