Paji la Uso la Emama Belaynesh

Kwa miaka kumi na sita Tsedale alipiga chapa barua katika ofisi ya kata. Kata mbili zilipounganishwa, alipewa barua ya shukrani, ambayo aliipiga chapa mwenyewe, akaambiwa aende nyumbani. Alikuwa na miaka arobaini na miwili. Mwezi wa pili wa kukaa nyumbani aliteremka mpaka studio ya mzee tuliyemwita kwa heshima Gashe Demise, hapa mtaani kwetu Ferensay, akaomba kufundishwa kazi ya picha.

Gashe Demise alimtazama vidole kwanza.

"Unaandika kwa vyote kumi?"

"Vyote, Gashe."

"Basi kompyuta haitakusumbua. Kamera ndiyo itakayokutesa."

Ilimtesa kweli. Kila alipoishika, mikono ilimtetemeka kama ya mtu aliyebebeshwa mtoto wa watu. Katika ubatizo wa kwanza alipiga picha thelathini, na ishirini na sita zilitoka na ukungu. Gashe Demise alizipitia moja moja kwenye kompyuta, akivuta pua.

"Anayetikisika hapa ni mtoto au wewe?"

"Ni mimi, Gashe."

"Afadhali unajua. Kuna wanaomlaumu mtoto."

Akamfundisha kubana viwiko mbavuni na kutoa pumzi kabla ya kubonyeza. Akamfundisha pia kuuliza dirisha liko wapi. Mteja akikaa kitini, Gashe alimzuia Tsedale mkono: "Mwanga unatoka wapi? Kama hujui, weka kamera chini, tunywe kahawa." Tsedale alijifunza kusoma kivuli cha pua ya mtu kabla hajamsalimu vizuri. Lakini hofu haikuisha. Alisema kwamba ofisini barua ikiharibika unachukua karatasi nyingine, ila uso wa mtu ukiupoteza kwa kupepesa jicho mara moja, umepotea.

Kwenye kompyuta ndiko alikopata pumzi. Huko nyuso zilitulia. Alijifunza kung'arisha picha iliyopigwa gizani, kunyoosha ukuta uliopinda, kufuta chunusi na makovu kwa kidude kinachonyonya ngozi safi ya kando na kuipaka juu ya doa. Wateja wake wengi walikuwa wasichana wanaotafuta kazi za ndani Beirut na Riyadh. Wengi walitoka kaskazini, na waliochanjwa msalaba kwenye paji la uso walisema neno moja: "Dada, nifutie huu, wakala hautaki." Tsedale aliufuta. Kufika mwezi wa nne, mkono wake uliufuta msalaba hata kabla mteja hajasema, nao wakamshukuru.

Gashe Demise alikuwa na amri mbili. Ya kwanza, usiguse picha ya mteja kabla hujatoa nakala. Ya pili, kwa sababu ya umeme wetu huu, hifadhi kazi kila baada ya dakika moja. Amri ya pili ilikumbushwa na umeme wenyewe karibu kila siku. Ya kwanza haikuwa na wa kuikumbusha.

Jumatano moja, Gashe Demise akiwa amekwenda Adama kupiga picha za harusi, aliingia mwanamke wa kimo kirefu, amevaa nguo nyeusi, na kitambaa cheusi kichwani. Aliitwa Etalem. Wengi mtaani tulimjua, kwa kuwa ndiye aliyesaga pilipili ya nusu ya majiko ya Ferensay. Alifungua kiganja, akaonyesha kadi ya kumbukumbu ya simu, ndogo kuliko ukucha.

"Arobaini ya mama ni Jumamosi," alisema. "Nataka picha kubwa, ya kuonekana kutoka langoni. Hii ndiyo iliyopo. Simu niliyompigia picha imekwisha kufa, na mama hakupenda picha, alisema zinamnyang'anya mtu sura. Kuna ile ya kitambulisho, lakini muhuri wa kata umempiga usoni."

Tsedale alikumbuka mihuri aliyoigonga mwenyewe miaka ile.

"Nitaitengeneza vizuri, Etiye," alisema, kama anavyoitwa dada mkubwa.

"Uitengeneze awe vile vile. Asiwe msichana."

Etalem alipoondoka, Tsedale aliichomeka kadi, akaifungua picha. Emama Belaynesh alikaa kizingitini, shela nyeupe imeteleza nyuma, anacheka kitu kilichokuwa nje ya picha. Nusu ya uso ilikuwa kivulini. Kwa Tsedale ilikuwa picha nzuri yenye mwanga mbaya, na alijua la kufanya. Akainua kivuli kidogo kidogo, akahifadhi. Akafuta alama ya moshi ukutani, akahifadhi. Akaikuza picha mpaka uso ukajaza kioo, ngozi ikawa kama shamba linaloonekana kutoka mlimani, akaanza kusafisha. Alifanya kazi hiyo kwa saa nzima, na kwa mara ya kwanza tangu aingie studio hakuogopa. Akahifadhi. Umeme ukakatika.

Ulirudi saa tisa alasiri. Picha ilikuwepo, safi. Alikuwa akiitazama kwa furaha simu ilipolia.

"Ni mimi, Etalem. Nimesahau kitu. Ule msalaba wa mama umefifia sana. Uutie nguvu. Mwombolezaji tuliyemchukua anatoka kwetu Lasta, ataimba juu ya msalaba huo, na akinamama wataunyooshea kidole. Walichanjwa siku moja, yeye na mdogo wake, kwa sindano moja. Unanisikia?"

"Nakusikia, Etiye."

Tsedale aliweka simu juu ya meza. Juu ya nyusi za Emama Belaynesh hapakuwa na kitu. Ngozi ilikuwa laini, sawasawa, ngozi ya mtu asiyetoka popote.

Alibonyeza kurudi nyuma. Kompyuta haikuwa na pa kurudi, ilikuwa imezimika na kuwaka. Akatafuta nakala, akijua kwamba hakutoa nakala. Akaichomoa kadi, akaichomeka tena, kana kwamba ingebadili mawazo. Kisha akampigia Gashe Demise. Nyuma ya sauti yake ngoma zililia na watu wakapiga vigelegele.

"Umehifadhi juu yake?"

"Ndiyo, Gashe."

"Kwenye kadi yao?"

"Ndiyo."

"Hairudi hiyo. Sasa sikiliza. Chora msalaba. Msalaba ni msalaba, dada, nani atapima? Weka rangi ya kijani iliyochakaa, ufifize, umemaliza. Na usimwambie mtu. Wale watu wa Lasta wakisikia, hiyo studio hatutaifungua tena."

Alichora. Wa kwanza ulitoka kama alama ya duka la dawa. Wa pili ulikuwa mwembamba kama ufa. Wa tatu alipouwekea mikono minne yenye ncha, alisimama kwa kuwa hakujua kama ulikuwa na ncha. Hakujua kama ulikuwa na nukta pembeni, kama wengine, au mstari chini. Hapo ndipo hofu yenyewe ilipomshika. Alikuwa ameutazama uso huo saa nzima, kwa karibu kuliko hata Etalem alivyowahi kuutazama, na hakuuona. Aliona doa la kwanza, doa la pili, doa la tatu.

Usiku huo hakula. Asubuhi ya Alhamisi alichukua kamera, akapanda mpaka mtaa wa Shiro Meda kumtafuta Emama Welansa, mdogo wa marehemu, yule aliyechanjwa naye kwa sindano moja. Njiani alitunga uongo wa kutosha mara tatu, na kila mmoja ulimwishia mdomoni.

Emama Welansa alikuwa kizingitini kwake anachambua dengu katika ungo. Alikuwa amevaa nyeusi, na shela ilishuka mpaka kwenye nyusi.

"Karibu. Wewe ni wa nani?"

"Mimi ni wa studio, Emama. Nimekuja kukupiga picha. Ya familia."

"Nina msiba. Mwenye msiba hapigwi picha. Nani amekutuma?"

"Hakuna."

"Basi kaa, unywe maji, maana umekuwa mweupe kama unga."

Tsedale alikaa. Alipopokea kikombe maji yalimwagika gotini, na hapo uongo wote ukamtoka, akasema kweli kwa mfululizo, bila kumtazama mzee: kadi, umeme, saa nzima ya kusafisha, paji la uso lisilo na kitu.

Mikono ya Emama Welansa ilisimama juu ya dengu. Jirani aliyekuwa akipita alisalimia, hakuitikiwa.

"Uliufuta kwa nini?"

"Mkono umezoea, Emama. Wasichana wote wanaomba ufutwe."

"Sisi si wasichana."

"Ndiyo."

"Na dada yangu hakuomba."

"Hakuomba, Emama."

Mzee aliweka ungo chini. Tsedale alisubiri kufukuzwa, na kusema kweli alitamani kufukuzwa, kwa kuwa angepata pa kukimbilia. Badala yake Emama Welansa aliivua shela. Juu ya nyusi zake palikuwa na kovu, pana kama jani la mzeituni, linang'aa.

"Umekuja kuuchukua wangu," alisema. "Umechelewa miaka hamsini. Nilipokuja mjini kufanya kazi kwenye nyumba ya bwana mmoja, mkewe alisema hataki mshamba aliyeandikwa usoni mbele ya wageni. Nikauchoma kwa maji ya betri. Belaynesh hakusema nami mwaka mzima."

Tsedale aliangalia kamera iliyokuwa mapajani mwake kama mzigo wa mtu mwingine.

"Basi nimekwisha," alisema.

"Nyamaza kwanza."

Emama Welansa aliinama kwenye jiko la kahawa, akachagua kipande chembamba cha mkaa, akakipoza kwa pumzi. Akafumba macho. Kidole cha mkono wa kushoto kilitembea juu ya kovu, kikasimama, kikatembea, na mkaa ukakifuata. Alichora polepole, akitikisa midomo. Mara moja alifuta kwa mate akaanza upya.

"Bibi aliyetuchanja alianzia juu," alisema, macho yamefumbwa. "Mimi nililia, yeye hakulia. Huwezi kusahau kitu kilichokuuma hapo. Piga sasa, kabla sijatoka jasho."

Tsedale alisimama. Mikono ilikuwa inatetemeka vibaya kuliko siku ya ubatizo. Alijilazimisha kuuliza swali la Gashe Demise: katika picha ya marehemu mwanga ulitoka upande gani? Ulitoka kushoto, mlangoni, juu kidogo.

"Emama, naomba ugeuke kidogo. Hapana, huku. Inua kidevu."

"Unaniamuru vizuri kwa mtu aliyekwisha."

Alibana viwiko. Akatoa pumzi. Akapiga mara ishirini, na kila mara akahakikisha kwenye kioo, na kati ya ishirini, nne zilitoka bila ukungu.

Mzee alijifunika tena. "Etalem utamwambia mwenyewe," alisema. "Mimi sitakusemea, wala sitakuficha."

"Atanifanya nini, Emama?"

"Sijui. Mama yake ni mmoja tu."

Siku nzima ya Alhamisi na asubuhi ya Ijumaa Tsedale alikaa kwenye kompyuta. Aliukata msalaba wa mkaa, akaulaza juu ya paji la uso wa marehemu, akaupa rangi ya kijani kibichi iliyozeeka, akauacha upinde mahali ngozi ilipopinda kwa kicheko. Mchana Gashe Demise alirudi, akatazama juu ya bega lake, akasema, "Msalaba umekaa vizuri. Funga mdomo wako sasa." Tsedale alichukua simu, akampigia Etalem aje.

Etalem alikuja na vumbi la pilipili kwenye mikono ya nguo. Gashe Demise aliingia chumba cha nyuma, akajishughulisha na taa ambayo haikuharibika. Tsedale alimweleza akiwa amesimama, kama mtu aliye mbele ya meza ya mkubwa. Alisema yote.

"Umemfuta mama yangu," Etalem alisema taratibu.

"Ndiyo, Etiye."

"Onyesha."

Etalem alivuta kigoda, akakaa karibu na kioo kiasi kwamba pumzi yake ilikitia ukungu. Alitazama muda mrefu.

"Mkono wa chini ulikuwa mfupi," alisema.

Tsedale aliufupisha. "Hivi?"

"Zaidi. Hapana. Umezidisha." Alikuna shavu, akaacha alama nyekundu. "Rudisha. Na hapa kulikuwa na nukta. Au zilikuwa mbili?"

"Emama Welansa hakuweka nukta."

"Basi huenda hazikuwepo." Sauti ilimpungua. "Nimelala kifuani mwake miaka yote ya utoto wangu. Nilikuwa nautazama huu kila asubuhi. Swali langu ni dogo, nukta tu, na sijui." Alifunika uso kwa viganja, kisha akaviondoa upesi kwa sababu pilipili ilimwingia machoni, akalia kwa sababu zote mbili.

Tsedale hakuthubutu kumgusa. Mkono wake ulikaa juu ya kipanya, haujui uende wapi.

"Iache hivyo," Etalem alisema alipoweza. "Ichapishe. Na usije ukaniomba msamaha leo, sina nafasi yake."

Jumamosi akinamama waliipokea picha langoni, wakaibeba juu ya vichwa hadi ndani ya turubai. Mwombolezaji wa Lasta alisimama mbele yake, akatazama, akavuta pumzi kwa muda ambao Tsedale aliuhesabu, na akaanza kuimba juu ya msalaba. Etalem alijipiga kifua pamoja na wengine, bila kugeuza uso upande wa picha. Emama Welansa aliketi kwenye mkeka, ameinamisha kichwa. Tsedale alikuwa amesimama nyuma kabisa, karibu na kamba za turubai, akisubiri mtu mmoja atakayesema kwamba huyu siye. Hakuna aliyesema. Aliletewa sahani ya injera, akaishika kwa mikono miwili, akaendelea kusubiri.