Form yangu ya Django ilimkataa baba ya Chelangat

Wakuu, salamu kutoka huku kwa majani chai. Hii sikuambiwa na mtu, niliiona na macho yangu.

Nilijenga website ya bursary ya kikundi kimoja cha kanisa, kwa Django. Kwa clean(), ile code ya kukagua majibu, nikaunganisha field mbili: uhusiano ukiwa "Baba", jinsia lazima iwe "Mwanamume". Nikajipiga kifua.

Siku ya mwisho nikaenda Siongiroi kusaidia watu kujaza. Akaja msichana, Chelangat, ameitwa high school. Bila bursary haendi. Alikuwa na mamake, na kogo mmoja, yaani nyanya mzee, amevaa kofia ya sufu.

Nikauliza baba ni nani. Chelangat akaonyesha kogo.

Nikaingiza: uhusiano Baba, jinsia Mwanamke. Form ikakataa, nyekundu.

"Kogo, tuweke mlezi, itapita tu."

"Mimi si mlezi," akasema polepole. "Sikupata mtoto, nikaoa huyu. Ng'ombe nililipa kwao. Watoto ni wangu."

Mama Chelangat akaniangalia vile unaangalia mgeni amepotea njia. "Huyo ni bwana yangu. Sasa unataka tuandike nini?"

Hapa nisimame kidogo. Mimi ni mtoto wa estate, wazazi walitoka upande wa ziwa. Nimezaliwa Kericho na sikuwa najua mama asiye na mtoto anaweza kuoa mwanamke mwenzake hapa ndio boma isiishe. Foleni yote nyuma yao ilikuwa inajua. Aliyeshangaa ni mimi peke yangu.

Form ilikuwa inafungwa jioni hiyo. Chelangat akaanza kulia. "Kogo, weka tu mlezi. Nisikose shule."

"Utasoma," kogo akamwambia. "Lakini hautaandikwa ati hauna baba."

Wakuu, nikafungua laptop.

Nikatoa ile rule, nikapush code mpya kwa server. Network ya pale ilizunguka mpaka nikaanza kuomba. Halafu ikakubali. Baba: jina lake. Jinsia: Mwanamke.

Kogo akataka asomewe. Chelangat akasoma.

"Soma tena," akasema.

Bursary ilitoka, msichana ako shule.

Nilichojifunza: field moja ukikosea, umekosea data. Ukiunganisha mbili, umesema vile watu wanaishi, na pengine hujawahi kuwauliza.

Haya, ma-dev, semeni ukweli. Rule yako imemfungia nani nje?