Uzi wa Unyayo

Afisa ustawi wa jamii wa kata yetu hana kicheko kazini. Mama akija kulalamika kwamba baba hatoi matunzo, yeye huinama, akapima unyayo wa mtoto kwa uzi wa katani, akaukata na kumpelekea baba huko huko machimboni: "Alete viatu, asilete maneno." Jana mchimbaji mmoja aliingia akitokea Mwakitolyo, vumbi hadi kwenye kope, mkononi uzi na viatu vya bintiye Limi. Afisa akavipima, akakunja uso.

"Vimezidi uzi."

"Ndiyo, mama. Uzi ni wa mwezi wa kwanza. Nilijua atakuwa amekua."

Limi, aliyekuwa pale na mama yake, akavivaa, vikamkaa sawasawa. Vigelegele alivyopiga afisa wetu vilisikika hadi mnadani.